Mbuzi wa Rubani

Mama yangu alivunjika nyonga kwa sababu ya ubishi. Aliambiwa asipande darini kuangalia ndizi za kuivisha, akapanda. Ngazi ikateleza, naye akaja nayo. Hata alipokuwa pale chini, kabla hatujamgusa, alikuwa anatueleza kwamba kosa ni la aliyeegesha ngazi. Hospitalini walifanya walivyoweza. Akarudi nyumbani na mguu usiotaka tena kusikia habari ya kukanyaga, na kuanzia hapo dunia yake ikawa kitanda, dirisha na mimi.

Mimi ni binti wa mwisho. Nilikuwa nauza mitumba gulioni Maji ya Chai, tena nilikuwa nimeanza kupata wateja wa maana, nikaitwa nyumbani kumwangalia mama kwa muda kidogo. Mtu aliyezaliwa wa mwisho anajua muda kidogo wa familia ni muda gani. Nilinuna, sikatai, lakini nilikwenda.

Kwetu ni juu kidogo ya Maji ya Chai, kwenye kahawa na migomba, mlima ukiwa mgongoni. Kanisa liko ng'ambo ya bonde. Kwa kunguru ni karibu sana, lakini kwa binadamu kuna mteremko wa utelezi, daraja la magogo, halafu mpando wa kukata pumzi. Vijana walijaribu kumbeba mama kwenye kiti mara moja tu. Aliwapa maelekezo njia nzima, nani ainue, nani ashushe, nani ana mikono ya siagi. Walipomrudisha waliweka kiti chini wakasema jamani, basi.

Na mimi nasema ukweli, nyonga siyo iliyomuuma zaidi. Kanisani kulikuwa na zamu ya kusoma masomo, na mama alikuwa msomaji tangu sijazaliwa. Alikuwa anasoma kwa sauti ya mtu anayekugombeza kwa faida yako, hadi waliolala viti vya nyuma wanaamka na kutubu. Alipokaa kitandani muda mrefu wakamtoa kwenye zamu, kimyakimya, bila hata mtu kuja kumwambia. Akaja kusikia kwa jirani aliyeleta maziwa.

"Wamenizika," akaniambia. "Tena bila hata kunipigia kengele." Akageukia ukutani, na siku hiyo hakula.

Sasa nimtaje baba, maana bila yeye hakuna habari. Baba alikuwa mzee wa kanisa, na zaidi ya hapo alikuwa mwenyekiti wa mfereji. Kwetu maji ya kumwagilia yanatoka mtoni kwa mfereji mmoja, yanapita mashamba ya watu wote, na kila nyumba ina zamu yake. Ukifungulia maji kwenye zamu ya mwenzio, unalipa mbuzi. Mbuzi analiwa na wenye mfereji, na paja anapelekewa yule aliyeibiwa maji. Hakuna cha ndugu wala rafiki. Kaka yake mama, mjomba wangu wa damu, alishikwa alfajiri moja na jembe mkononi, maji yanaingia kwenye maharage yake zamu ikiwa ya mjane wa jirani. Baba alimtoza mbuzi bila kupepesa jicho, akasema sheria ni msumeno. Mama hakusema kitu siku ile. Mama hakuwa mtu wa kusema kitu siku ile ile. Alikuwa anaweka akiba.

Aliyeleta mtambo ni kaka yangu, ambaye alikuwa na kibanda cha fundi redio kule Lemara. Zilikuwa zile enzi biashara imefunguliwa, maduka ya mjini yamefurika vitu vya Dubai, mashirika ya umma yanauzwa hadi viti vyake, na redio za watu binafsi zinaota mpya kila ukigeuka. Kila mtu mwenye koleo na bisibisi aliona hewa ni shamba lisilo na mwenyewe. Kaka akatengeneza mtambo wa kurushia matangazo, akaufungia ndani ya kopo la biskuti, akauunga kwenye kipaza sauti cha kanisa, waya wa kurushia akaupandisha juu ya mti. Baba ndiye aliyetoa ruhusa na ndiye aliyeuficha kwenye kabati la majoho ya kwaya. Mchungaji aliambiwa ni kitu cha kusaidia sauti. Nilipomuuliza baba kama hakuna kibali kinachotakiwa, alinijibu kwamba hewa aliiumba Mungu na mgonjwa ni mgonjwa.

Jumapili ya kwanza mama alikaa kitako mwenyewe, bila kushikwa. Nilimwekea redio juu ya mto wa kulalia, ikakoroma kidogo, halafu kanisa zima likaingia chumbani. Alikuwa anawatambua kwa vikohozi. Huyu kachelewa, alisema, huyu viatu vyake ni vipya anataka vijulikane, na huyo wa sauti ya pili amekosana na mumewe, sikiliza anavyobana. Ibada ikiisha walitoka na kipaza sauti nje kwenye mnada wa sadaka, ndizi, mayai, kabichi, na mama alikuwa anapanda dau peke yake chumbani, anakasirika akishindwa. Nyumba za jirani nazo zikaipata redio yetu. Baba akaanza kutembea kwa mwendo wa mkurugenzi.

Nilidhani mama ameshapata alichotaka. Lakini jioni moja nilipokuwa namsugua mgongo akasema, "Mimi nawasikia, wao hawanisikii. Nitakapokuwa kaburini itakuwa hivyohivyo, kwa hiyo nimeanza mazoezi mapema." Alicheka. Mimi sikucheka.

Tukakaa hivyo mvua za masika zikapita, hadi Jumapili moja lilipokuja gari jeupe lenye vyuma vingi juu yake. Njia ya gari kwetu inaishia kwenye ua wetu, kwa sababu daraja la magogo halibebi hata pikipiki yenye adabu. Akashuka bwana mmoja aliyevaa tai, kashika kimashine chenye kijiti, akawa anageuka huku na huku kama anayetafuta kuku aliyepotea. Halafu akashika njia ya kanisani. Dereva wake akabaki, na kwa kuwa kulikuwa na baridi nilimkaribisha ndani apate chai.

Aliingia chumbani kwa mama kusalimia, kijana mwenye heshima. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mmekuja kutafuta nini na gari lenye pembe?"

Dereva, Mungu ambariki, hakuwa na siri hata moja mwilini. Akasema yeye na mkubwa wake wanatoka ofisi inayosimamia masafa ya redio, na wametumwa kutafuta redio isiyo na kibali, ambayo kwanza inakanyaga matangazo ya wenzake, na pili inaingia kwenye ndege. Kuna rubani wa ndege ndogo, anasema, alikuwa anakaribia kutua, anasubiri kuambiwa upande wa upepo, badala yake akasikia sauti ya mwanamke ikimwamuru arudishe sufuria mbili za kikundi cha akina mama kabla ya Ijumaa. Alivyouliza tena, wakamwimbia pambio.

Mimi na mama tukaangaliana. Redio ilikuwa palepale kitandani kati yetu, na sauti iliyokuwa inatoka humo ilikuwa ya yule yule mama wa sufuria, anasoma matangazo ya wiki. Dereva akaitazama redio. Akanitazama mimi. Akavuta kiti.

"Aisee," akasema taratibu, "ndiyo yenyewe."

Kabla sijapata uongo wa kumpa, tukamsikia baba. Ilikuwa zamu yake kukaribisha wageni. Kwenye makanisa yetu mgeni hakai kimya. Anasimama, anataja jina na alikotoka, anatoa salamu, na mkutano unampokea kwa makofi. Mgeni asiyesimama anaonekana ana kesi. "Tuna mgeni mmoja pale nyuma," alisema baba kwa ile sauti yake ya asali, "amevaa tai nzuri sana. Tunaomba asimame. Mpelekeeni kipaza sauti."

Dereva akaweka kikombe chini.

Tulisikia nyayo, tukasikia kipaza sauti kinapokelewa, tukasikia mtu anameza mate. Bwana yule alikuwa Mlutheri wa Kilimanjaro, kalelewa kwenye viti vya mbao kama sisi. Angekuwa dini nyingine pengine angekimbia. Lakini alishapewa kipaza sauti mbele ya akina mama waliovaa vitambaa vyeupe, angefanya nini? "Bwana Yesu asifiwe," akasema. Kanisa likaitika. Akataja jina lake kamili, akataja usharika wake, akaleta salamu za mchungaji wake na kwaya yake, akasema yuko hapa kikazi lakini amebarikiwa sana. Yote hayo yalikwenda hewani, safi kabisa, kupitia kopo la biskuti.

Dereva alikuwa anacheka bila sauti, kajishika mbavu. "Mkubwa ametangaza," alisema. "Mkubwa ametangaza bila kibali."

Wakamshika na kwenye mnada. Mgeni hapiti mnadani mikono mitupu. Walimsukumia jogoo, na kila alipotaka kunyamaza baba alikuwa anamsifia jogoo na mgeni kwa pamoja, hadi yakatoka makofi na jogoo akawa wake. Kisha redio ikakoroma. Ikalia mlio mmoja mrefu, ikanyamaza. Mama akanyoosha mkono akaipiga kofi, kama tulivyozoea kuipiga, lakini haikuwa redio iliyoharibika. Alikaa akiiangalia tu.

Wakaja wote wawili kwa miguu, baba mbele, amenyong'onyea. Bwana wa tai alikuwa na kopo la biskuti mkono mmoja na jogoo kwapani. Akamwamkia mama vizuri, akatafuta pa kumweka jogoo, akakosa, akaongea naye akiwa hapohapo. Akasema anasikitika. Baba alikuwa amemweleza njiani habari ya mgonjwa, na yeye mwenyewe ana mama. Lakini mtambo ule unarusha ovyo, haujui mpaka, na rubani asiposikia anachoambiwa, wanaoanguka si masafa, ni watu. Safari hii anachukua mtambo tu. Akirudi tena, itakuwa ni mahakamani.

Baba akaanza. Akasema hewa ni ya Mungu, akasema mgonjwa ana haki, akasema serikali imeruhusu kila mtu afanye biashara sasa iweje sala ndiyo ikatazwe. Alikuwa amepata moto. Bwana yule akawa anamsikiliza kwa subira, jogoo naye anasikiliza.

"Wewe," mama alimwita baba kutoka kitandani. "Hiyo hewa kumbe ina zamu?"

Bwana wa tai akasema ndiyo, mama, ndivyo ilivyo hasa, kila mmoja na sehemu yake.

"Na sisi tumefungulia kwenye zamu ya rubani."

"Ndiyo, mama."

"Haya. Mwenyekiti wa mfereji," akasema mama, na sijawahi kumsikia akitamka cheo cha baba kwa utamu ule, "aliyeiba zamu kwenu analipa nini?"

Baba akatazama dirishani. Nilimwona shingo inabadilika rangi. Mkuki kwa nguruwe mtamu, jamani. Miaka yote ile mama alikuwa amemweka yule mbuzi wa kaka yake moyoni, kamfungia mlango, anampa majani, na leo kamtoa nje akiwa amenona. Yeye ndiye aliyekuwa anapoteza redio, hakuna mwingine, lakini hakukubali sheria ipite juu ya kichwa cha mumewe bila kumgusa.

"Mbuzi," akasema baba.

"Sikusikia. Siku hizi nasikia kwa redio tu."

"Mbuzi," akarudia baba, safari hii kwa sauti ya mzee wa kanisa.

Akachinjwa mchana ule ule. Bwana wa tai alipinga sana, akasema yeye ni mtumishi wa umma hawezi kupokea kitu, itaonekana ni rushwa. Mama akamuuliza nani amempa yeye. Paja ni la aliyeibiwa. Yeye kazi yake ni kulifikisha tu kwa rubani, na amwambie zile sufuria zilisharudishwa, asiwe na wasiwasi. Dereva akalipokea paja kabla mkubwa wake hajapata kifungu cha sheria cha kulikataa. Kama rubani alilila au hakulila, mpaka leo sijui. Mimi nina mashaka yangu na yule dereva.

Walipokuwa wanaaga mama akamshika bwana yule mkono, hakuuachia.

"Baba, hiyo sheria yako inafika mpaka wapi?"

"Hewani, mama. Chochote kinachorushwa hewani."

"Na kikipita chini? Kwenye waya?"

Bwana akafikiri. Nadhani alikuwa mtu mwema aliyechoka kuonekana mbaya. "Waya haurushi kitu," alisema. "Waya wa shambani kwenu mimi siujui wala sijauona."

Gari likaondoka. Nikarudi chumbani nikamkuta mama amegeukia ukutani, na ile redio kaifunika na kanga kama wanavyofunika kioo kwenye msiba. Niliumia, nikataka hata kumlaumu. Nikamwambia, mwenyewe umemsaidia kushinda. Akanijibu bila kugeuka, "Kesi ilikuwa ya kweli. Ningefanyaje? Kamwite kaka yako."

Kaka alikuja na kitu alichokinunua kwenye mnada wa shirika moja lililokuwa linauzwa mjini. Yalikuwa masanduku mawili madogo yenye vitufe, yaliyounganishwa kwa waya. Kwa moja mkurugenzi alikuwa anamwita katibu muhtasi alete chai, kwa lingine katibu alikuwa anajibu chai imekwisha. Shirika lilikufa, masanduku yakabaki mazima. Shida ilikuwa njia ya waya. Kuupitisha bondeni kulikuwa hatari, mbuzi na watoto wangeukata. Njia salama ilikuwa moja tu, kingo za mfereji unaozunguka hadi karibu na kanisa. Na katikati ya huo mfereji kulikuwa na shamba la mjomba.

Nilitumwa mimi kumwomba. Mjomba alinisikiliza hadi mwisho, akaniambia hana neno na dada yake, hana neno na waya, ila mwenyekiti wa mfereji aje mwenyewe na miguu yake. Nikadhani tumekwama, maana baba na kuomba ni vitu viwili vilivyokosana zamani. Akakaa siku nzima anachonga mpini wa jembe usiohitaji kuchongwa. Kesho yake akavaa koti la ibada, akaenda. Alirudi jua limezama, ananukia pombe ya mbege, mzee wa kanisa mzima, akasimama mlangoni kwa mama.

"Kaka yako anasema tupitishe," alisema. Mama akamwambia asogee na harufu yake, lakini alikuwa anatabasamu.

Watu wa mfereji ndio walioulaza ule waya, kila mmoja kipande cha shamba lake. Hawakuulizwa mara mbili. Mjomba alichimba kipande chake kirefu kuliko vyote, akakifunika kwa mawe.

Jumapili iliyofuata sanduku moja lilikuwa altareni pembeni ya kipaza sauti, jingine juu ya tumbo la mama. Ibada ikaja kupitia waya, inakwaruza zaidi kidogo kuliko ya redio, lakini imekuja. Mama hakumsengenya mtu hata mmoja, nikaanza kuogopa. Nilimwonyesha kitufe cha kujibia, akaniambia anakiona, yeye ni kiwete si kipofu.

Ukafika wakati wa wageni. Baba akasema kama kawaida, "Kama tuna mgeni kati yetu, tunaomba asimame."

Mama akabonyeza kitufe.

"Nipo mimi," alisema. "Siwezi kusimama, mtanisamehe. Natokea ng'ambo ya bonde. Nina muda sijaonekana hapa."

Mimi nilikuwa nimeshika ukingo wa kitanda, machozi yananitoka, wala sioni haya kusema. Tukasubiri. Nikasikia mtu anavuta kamasi karibu kabisa na kipaza sauti, na nikajua ni baba, kwa sababu ndivyo anavyovuta.

"Mama," alisema mchungaji mwishowe, sauti yake haiko sawa, "wewe si mgeni hapa."

Mama akabonyeza tena.

"Kama si mgeni," akauliza, "zamu yangu ya kusoma ni lini?"